Diski Nne kwenye Bodi Moja: Hesabu ya Umeme na Joto

Diski ya kwanza huwa haina matata. Unaichomeka kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, inajitokeza, unaanza kumimina picha na video. Shida huanza unapoongeza ya pili au ya tatu. Ile ya kwanza inatoweka katikati ya kunakili, kisha inarudi ikiwa na jina jingine, jana sda na leo sdc, au mfumo unaifunga isiandikwe tena. Ukitega sikio karibu nayo unasikia mlio mdogo, tik, halafu mota inaanza kuzunguka upya. Hapo wengi huilaumu diski na kuipeleka kwa fundi, na wengine hufuta mfumo mzima wakaanza upya. Mara nyingi diski ni nzima na programu haina kosa. Kilichopungua ni umeme, tena kwa sekunde chache tu.

Nimeona ni vizuri kulieleza jambo hili kwa kina kwa sababu kompyuta za bodi moja zimeingia kwenye kazi za maana huku kwetu. Kuna shule ambazo hazina intaneti ya uhakika lakini zina Wikipedia nzima ndani ya Raspberry Pi kupitia programu ya Kiwix. Kuna wapiga picha za harusi wanaohitaji pa kuhifadhi matukio ya miaka, na ofisi ndogo zisizo na uwezo wa kununua seva. Kwa watu hawa diski ikipotea si mchezo ulioharibika. Ni harusi ya mtu, au mitihani ya muhula mzima.

Bodi ina umeme wa kugawa, lakini ni mdogo

Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, hulishwa kwa adapta ya volti 5.1 na ampea 3. Ukiitazama haraka utasema ampea 3 ni nyingi. Lakini prosesa, kumbukumbu na Wi-Fi hula humo humo, na matundu yote manne ya USB kwa pamoja yamewekewa kikomo cha ampea 1.2. Yote manne kwa pamoja, si kila moja.

Raspberry Pi 5, iliyoingia sokoni mwaka 2023, ina utaratibu wake. Inapowashwa huzungumza na adapta na kuuliza uwezo wake. Adapta ikijibu kwamba inaweza kutoa ampea 5, matundu ya USB huruhusiwa kutoa hadi ampea 1.6. Isipojibu hivyo, bodi huyabana matundu hayo mpaka miliampea 600. Ndiyo maana mtu anaweza kuchukua chaja nzuri ya simu, yenye wati nyingi zilizoandikwa mgongoni, na bado diski yake isiwake: chaja nyingi za simu hutoa wati zake kwa volti 9 au zaidi, na kwenye volti 5 huishia ampea 3.

Sasa geuza diski yako usome lebo. Diski ndogo ya inchi 2.5, ile ya kompyuta mpakato, hutumia volti 5 peke yake, na lebo husema kitu kama 5V 0.7A au 5V 1A. Diski mbili za namna hiyo tayari zinapita kikomo cha Pi 4. Kwenye Pi 5 yenye adapta yake halali, mbili za ampea 0.7 zinaweza kukaa kwa kubanana, na ya tatu haina nafasi kabisa. Hakuna mpangilio wa programu utakaozaa ampea ambazo hazipo.

Ile inayoitwa inchi 3.5, diski nene ya kompyuta ya mezani, ni habari nyingine. Inataka aina mbili za umeme kwa wakati mmoja: volti 5 kwa saketi zake za elektroniki na volti 12 kwa mota. Raspberry Pi haitoi volti 12 popote. Diski ya namna hii lazima iwe na chanzo chake cha umeme tangu siku ya kwanza.

Sekunde za kuanza kuzunguka

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Diski ya inchi 3.5 ikishazunguka kwa kasi yake hula wati 5 hadi 7 hivi. Lakini ili zile sahani za ndani zitoke kwenye kusimama hadi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, mota huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, na huendelea hivyo kwa sekunde kadhaa. Mwenye kuwahi kusukuma mkokoteni uliojaa magunia ya mkaa anaijua tofauti hii: kuutoa pale uliposimama ndiyo kazi, ukishatembea unakwenda na wewe.

Tuchukue mfano halisi: Raspberry Pi 5 yenye kadi ya SATA, yaani ya kuunganishia diski za kompyuta bila USB, kwa mfano Penta SATA HAT ya Radxa, na diski nne za inchi 3.5. Zikiwa kazini, diski hula wati 20 hadi 28, na ukiongeza bodi unafika 35 hivi. Mtu anakwenda dukani, anaiona adapta ya volti 12 na ampea 5, yaani wati 60. Anajiambia ni karibu mara mbili ya anachohitaji, ananunua kwa moyo mweupe.

Anapobonyeza swichi, diski nne zinaanza pamoja. Ampea 2 mara nne ni ampea 8, sawa na wati 96 upande wa volti 12 peke yake. Ongeza wati 12 hadi 15 za upande wa volti 5 na wati 8 za bodi, jumla inakaribia 120. Adapta ya wati 60 inaona mzigo mara mbili ya uwezo wake, inajizima kujiokoa, volti zinaanguka, diski zinasimama, mzigo unaondoka, adapta inawaka tena, na diski zinaanza upya. Unasikia vuu, tik, kimya. Vuu, tik, kimya. Kila mzunguko huo unavichosha vichwa vya kusomea, vinavyolazimika kurudi kwenye maegesho yake kwa dharura.

Njia za kutoka ni mbili. Ya kwanza ni kununua umeme wa kutosha kwa ule mwanzo: kwa diski nne nene, volti 12 na ampea 12 hadi 15. Ya pili ni kuziwasha diski kwa zamu. Viwango vya SATA vimeliwekea jambo hili pini maalumu, pini ya 11 kwenye plagi ya umeme yenye pini 15. Pini hiyo ikiunganishwa na grundi, yaani waya wa volti sifuri, diski huzunguka mara tu inapopata umeme. Ikiachwa wazi, diski husubiri mpaka kadi ya SATA iwasiliane nayo. Tatizo ni kwamba kebo nyingi za bei rahisi zimeiunganisha pini hiyo na grundi moja kwa moja, na kadi ndogo nyingi hazijui kupanga zamu. Kwa hiyo mimi hushauri hesabu ifanywe kana kwamba zote zitawaka pamoja. Zikiwaka kwa zamu, umepata ziada.

Angalia pia tundu lenyewe la kuingizia umeme. Lile tundu la duara la milimita 5.5 ambalo liko kwenye bodi nyingi na adapta za kamera za CCTV kwa kawaida limetengenezwa kwa takriban ampea 5. Ukilipitisha ampea 10 litapata moto hata kama adapta ina nguvu. Kadi zenye tundu la Molex, lile la pini nne kubwa, zimewekewa tundu hilo kwa sababu hii hasa, na kwa diski nne nene ndilo la kutumia.

Kama unauliza nichague nini mimi, basi naanza na swali jingine kabla ya adapta: je, diski nne ni za lazima? Diski moja ya terabaiti 8 inahifadhi sawa na nne za terabaiti 2, kwa robo ya umeme wa kuanzia na robo ya joto. Mbili kubwa, moja ya kazi na moja ya nakala inayokaa mahali pengine, zinamfaa mwenye ofisi ndogo kuliko nne zilizosongamana kwenye sanduku moja. Nne zina maana kama tayari unazo, au kama kazi yako inahitaji nafasi kuliko inavyoweza kupatikana kwenye mbili.

Waya nao hula

Umepata adapta nzuri, lebo inasema 5.1V, lakini bodi bado inalalamika. Angalia kebo.

Tulisoma sekondari kwamba volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani. Waya mwembamba wa saizi 28 (kwa kipimo cha AWG, ambapo namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba), unaopatikana ndani ya kebo nyingi za USB za bei ndogo, una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo kebo ya mita moja ina omu 0.43 hivi. Pitisha ampea 1 na umepoteza volti 0.43 njiani. Adapta inatoa 5.1, diski inapokea 4.67. Watengenezaji wengi wa diski huruhusu volti 5 ipungue kwa asilimia 5 tu, yaani mpaka 4.75. Umeshatoka nje ya mstari kabla hata mota haijakaza. Kebo ya urefu huo huo yenye nyaya za saizi 20 ingepoteza volti 0.07.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini volti 12 ni rafiki. Kupoteza volti 0.43 kwenye 12 ni chini ya asilimia 4, na mota nyingi za diski huvumilia hadi asilimia 10 upande huo. Tena kwa wati zile zile, volti 12 hubeba mkondo mdogo zaidi, kwa hiyo hupoteza kidogo tangu mwanzo. Ukiweza, safirisha umeme kwa volti 12 mpaka karibu na diski, kisha ushushe kuwa 5 pale pale kwa konvata ndogo, yaani kifaa cha kubadilisha volti.

Raspberry Pi yenyewe itakwambia ikiwa inateseka. Andika kwenye terminali amri vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, hakuna lililotokea tangu ilipowashwa. 0x50000 ina maana kwamba wakati fulani volti zilishuka chini ya kiwango na prosesa ikapunguzwa kasi, ingawa sasa hivi mambo ni shwari. 0x50005 ina maana hali hiyo inaendelea unapoitazama. Kwenye Pi 4 king'ora hicho hulia volti zikifika takriban 4.63. Tambua kwamba kipimo hiki ni cha bodi, si cha diski. Bodi inaweza kuwa na 5.0 safi huku diski iliyo mwisho wa kebo ndefu ikipata 4.6.

Kwa hiyo pima pale pale kwenye diski. Chukua multimita, uiweke kwenye kipimo cha kushika thamani ya chini kabisa kama inacho, kisha gusisha ncha zake nyuma ya plagi wakati diski zinaanza. Kwenye nyaya za kompyuta, nyekundu ni volti 5, njano ni volti 12, nyeusi ni grundi. Njano ikibaki juu ya 11.4 na nyekundu juu ya 4.75 katika zile sekunde za mwanzo, upande huu umeumaliza.

Ukishika plagi hizo, zitazame. Adapta za kutoka Molex kwenda SATA ziko za aina mbili: zile ambazo plastiki imemiminwa kuzifunika nyaya zote zikawa kitu kimoja, na zile ambazo unaona kila waya ukiingia kwenye kizimba chake. Za kumiminwa zimejijengea sifa mbaya ya kuungua, kwa sababu nyaya ndani ya plastiki zinaweza kusogea na kukaribiana bila wewe kujua. Plagi iliyoanza kugeuka rangi ya kahawia au yenye harufu ya plastiki iliyopikwa haifai hata dakika moja zaidi.

Na kwa wanaonunua diski za nje, zile za kwenye sanduku la USB, kisha wakaivunja sanduku ili watoe diski ya ndani: baadhi ya diski hizo hukataa kuzunguka zikichomekwa kwenye plagi ya SATA ya pawasaplai ya kompyuta. Hazijafa. Pini ya 3, ambayo zamani ilibeba volti 3.3, kwenye viwango vipya imekuwa pini ya kuizima diski. Ukitumia adapta kutoka Molex, ambayo haina volti 3.3, diski inaamka.

Vyanzo viwili au kimoja

Watu wengi hutatua tatizo la USB kwa kununua habu yenye adapta yake. Ni njia halali kwa diski mbili au tatu ndogo, ila chagua habu isiyorudisha umeme kwenye bodi. Habu mbaya husukuma volti 5 kinyumenyume kupitia kebo ya USB, na utaona taa ya Raspberry Pi ikiwaka hata baada ya kuchomoa adapta yake. Umeme huo hauna ulinzi wa kawaida wa bodi, na huifanya bodi isizimike na kuwaka vizuri.

Mimi napendelea chanzo kimoja cha volti 12 kinacholisha vyote: diski moja kwa moja, na bodi kupitia konvata ya kushusha volti hadi 5.1 yenye uwezo wa ampea 5. Vyote vinawaka pamoja na kuzimika pamoja, na grundi ni moja. Penta HAT niliyoitaja inafanya hivyo yenyewe. Ukijenga mwenyewe na kuingiza umeme kupitia pini za GPIO za Pi 5, zile zilizopangwa ukingoni mwa bodi, bodi haitaweza kuuliza uwezo wa chanzo, kwa hiyo itabana USB. Utaiambia kwa kuweka usb_max_current_enable=1 kwenye faili la mipangilio, config.txt, baada ya kuhakikisha kwamba konvata kweli inatoa ampea hizo.

Na kuna chanzo kimoja ambacho watu hukidharau: pawasaplai ya kompyuta ya mezani iliyotumika. Kariakoo au Luthuli Avenue huwezi kukosa moja iliyotolewa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi. Hata ya wati 300 ina volti 12 na 5 za kutosha diski nne, ina plagi zenyewe, na ina ulinzi wa mzigo kupita kiasi. Huwashwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa. Kasoro zake ni ukubwa na upotevu wa umeme kiasi kwenye mzigo mdogo. Usiifungue kasha lake: kapasita za ndani hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Umeme wa ukutani na betri

Diski nne na bodi, wati 35 usiku na mchana, ni takriban yuniti 25 za LUKU kwa mwezi. Si nyingi, lakini si bure. Kuzilaza diski zisipotumika kunapunguza, ila usiziambie zilale kila baada ya dakika tano: kila kuamka ni mwanzo mwingine wa ampea 2, na vichwa vya kusomea vina idadi ya kuegeshwa iliyopangwa na mtengenezaji, 300,000 kwa diski nyingi za kawaida na 600,000 kwa zile za seva ndogo. Nusu saa hadi saa moja ya utulivu ndiyo iwe kipimo.

Umeme ukikatika ghafla, diski hutumia nguvu iliyobaki kwenye mzunguko wa sahani zake kuzalisha umeme kidogo na kuvirudisha vichwa mahali salama. Ni ufundi mzuri wa wahandisi. Hauokoi data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, na ndipo mafaili yanapoharibika. UPS ndogo inatosha, mradi iunganishwe na bodi kwa USB na programu ya NUT iwekwe, ili kompyuta ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. UPS isiyozungumza na kompyuta inaahirisha ajali kwa dakika kumi.

Wenye sola huuliza: betri yangu ni ya volti 12 na diski inataka volti 12, si niunganishe tu? Hapana. Betri ya asidi inapochajiwa hupanda hadi volti 14.4, na ikikaribia kwisha hushuka chini ya 11. Diski inaruhusu 12 pamoja na asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 10.8 na 13.2. Saa sita mchana jua likiwa kali, umeipita kwa zaidi ya volti moja. Weka katikati konvata inayopokea volti 9 hadi 36 na kutoa 12 zisizoyumba. Inapoteza umeme mdogo kuliko kupandisha hadi 230 kwa inveta halafu kushusha tena kwa adapta.

Joto: bodi hujilinda, diski haijilindi

Mtu akinunua feni kwa ajili ya kompyuta ya bodi moja, huiweka juu ya prosesa. Inaeleweka, maana ndiyo inayoonyesha namba za kutisha. Lakini tazama vitu hivi viwili vinavyofanya vikipata joto. Prosesa ya Raspberry Pi ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguza kasi, na 85 ndio ukomo wake. Utaona kazi ikienda polepole, basi. Diski haina namna hiyo. Sahani zitaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile kwenye nyuzi 40 na kwenye nyuzi 58, grisi ya beringi ikizeeka, bila kulalamika hata neno moja mpaka siku ya mwisho.

Kwa hiyo feni ya kwanza ni ya diski. Prosesa yenyewe, kwenye kazi ya kuhifadhi mafaili, hutosheka na hitisinki nzuri ya alumini au ile feni ndogo rasmi ya Pi 5, ambayo huanza kuzunguka kwenye nyuzi 50.

Joto gani ni baya? Lebo na karatasi za watengenezaji huruhusu hadi nyuzi 60, na baadhi zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja, na walikuta uhusiano wa joto na kufa kwa diski ni dhaifu kuliko watu walivyoamini; zilizokaa kwenye baridi sana hazikuwa salama zaidi. Athari ilijitokeza kwa zilizozeeka, kuanzia miaka mitatu, zinazokaa juu ya nyuzi 45. Diski nyingi zinazounganishwa kwenye bodi hizi mitaani kwetu ni za mtumba, tayari zina umri huo. Ndiyo maana nashikilia 45 kama mstari.

Sasa fikiria Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, chumba kisicho na kiyoyozi, nyuzi 32 kivulini. Una nyuzi 13 tu za kuchezea kabla ya kufika 45. Huko Ulaya mwenye chumba cha nyuzi 20 anazo 25, kwa hiyo sanduku analosifia mtandaoni kuwa halihitaji feni linaweza kuwa kweli kwake na si kweli kwako. Arusha au Nairobi utapata unafuu wa Ulaya, karibu.

Hesabu ya hewa si ngumu. Sanduku linalotoa wati 40 za joto, likipitishwa hewa lita 5 kwa sekunde, hewa inayotoka itakuwa na joto zaidi ya iliyoingia kwa nyuzi 7 hivi. Lita 10 kwa sekunde, nyuzi 3 hadi 4. Feni moja ya milimita 120, ile ya kompyuta ya mezani, inatoa zaidi ya lita 10 hata ikizunguka polepole na kuzuiwa kiasi na diski. Feni tatu ndogo za milimita 40 zitapiga kelele usiku kucha na kukupa kidogo. Nunua moja kubwa.

Njia ya hewa ni muhimu kuliko nguvu ya feni. Hewa iingie upande mmoja, ipite katikati ya diski, itoke upande wa pili. Acha nafasi ya sentimita moja au zaidi kati ya diski na diski. Zikigusana, za katikati zinapikwa na jirani zake. Ziba matobo ya pembeni yanayoiruhusu hewa kupita bila kugusa diski. Bodi usiiweke juu ya diski, maana joto hupanda. Iweke pembeni, au mbele inakoingia hewa baridi. Na kama sanduku limechapishwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA, fahamu kwamba hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo kona iliyosahaulika karibu na konvata inaweza kulifikia.

Kuna mtego kwenye tundu la feni la Pi 5. Linaongozwa na joto la prosesa. Usiku unaponakili diski moja kwenda nyingine, prosesa iko nyuzi 48 ikipumzika, feni imesimama, na diski ziko 53. Feni ya diski iunganishe kwenye umeme wa volti 12 izunguke muda wote kwa kasi ya chini, au andika programu fupi inayosoma joto la diski zenyewe. Joto hilo hupatikana kwa smartctl -A /dev/sda, mstari wa 194. Kwa diski za USB mara nyingi unaongeza -d sat. Kuanzia Linux 5.6 kuna pia moduli ya drivetemp, inayolionyesha joto la diski za SATA pamoja na vipimo vingine vya mfumo.

Vumbi na unyevu wa pwani navyo vina neno. Kipande cha sponji nyembamba mbele ya feni, kikioshwa kila mwezi, kinatosha kwa vumbi. Kwa unyevu, hatari kubwa ni kuhama ghafla kutoka baridi kwenda kwenye joto lenye mvuke: diski iliyolala kwenye chumba cha kiyoyozi ikitolewa nje hutoka jasho. Iache saa kadhaa kabla ya kuiwasha. Diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia kwenye kifuniko, limeandikwa kwamba lisizibwe. Ukibandika lebo yako au gundi, usiifikishe hapo.

Ukimaliza kuunganisha, ijaribu kabla ya kuikabidhi data. Subiri mchana wa joto, uwashe vyote kutoka baridi, usikilize kama diski zinaamka mara moja bila kurudia, kisha uzisome zote kwa pamoja mwanzo hadi mwisho kwa dd au badblocks bila kuandika kitu. Kazi hiyo huchukua saa nyingi kwenye diski kubwa, na ndiyo inayotakiwa. Wakati inaendelea, tazama dmesg, yaani kumbukumbu za mfumo, kwa maneno kama reset na disconnect, get_throttled, na mstari wa 194 kwa kila diski. Resets zikitokea huku volti zote ziko sawa kwenye multimita, basi shuku chipu ya adapta ya USB-SATA: baadhi hazielewani na UAS, njia ya kasi ya Linux ya kuwasiliana na diski za USB, na huwa zinatulia ukiizima kwa mpangilio wa usb-storage.quirks. Joto likigoma kushuka chini ya 45, anza na nafasi kati ya diski kabla ya kununua feni ya pili. Diski moja tu ikiwa na joto kuliko wenzake kwa nyuzi tano au zaidi, mara nyingi ni ile ambayo hewa haiifikii. Ibadilishie nafasi na jirani yake, usome tena. Joto likibaki pale pale kwenye sanduku, tatizo ni njia ya hewa. Likihama na diski, anza kuinakili diski hiyo usiku huo huo.